Reli na Maendeleo ya Mkoa: Kukosoa Hoja Mbili

Na Mkufunzi wa Elimu ya Siasa, Mbezi Beach, Dar es Salaam

Tangu Reli ya Kisasa ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, swali la reli limerudi kwa nguvu katika madarasa ya itikadi. Ni jambo jema. Lakini majibu yanayotolewa na makada na wanafunzi walio wengi ni ya aina mbili, na yote mawili yana kasoro.

Jibu la kwanza husema: reli ikifika, maendeleo yamefika. Jibu la pili husema: reli ni mrija wa kunyonyea, mkoloni aliijenga ili akombe mali, na kila reli inayoelekea bandarini inaendeleza kazi ile ile. Mwenye jibu la kwanza anaabudu vitu. Mwenye jibu la pili amesoma historia, lakini ameishia katikati ya kitabu. Makala hii inakusudia kuzikosoa hoja zote mbili kwa ushahidi wa reli zetu wenyewe. Tutaonyesha kwamba kinachoamua kama reli itauendeleza mkoa ama itaupita tu ni jinsi wazalishaji wa mkoa huo walivyojipanga, na nafasi iliyopewa reli hiyo katika mpango wa uchumi wao.

Hoja ya kwanza: Reli ikifika, maendeleo yamefika

Hoja hii haikuzuka hewani. Sisi tunaoishi Mbezi Beach tuko kando ya barabara iendayo Bagamoyo, na Bagamoyo ni ushahidi mkubwa wa nguvu ya reli. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Wajerumani waliufanya makao yao makuu. Mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam, penye bandari bora zaidi, na mwaka 1905 wakaanza kujenga Reli ya Kati kutokea hapo. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Misafara ikafa, wapagazi wakakosa kazi, na Bagamoyo ikabaki na majengo yanayobomoka na kumbukumbu za biashara iliyohama.

Hata ndani ya Dar es Salaam reli ilichora mipaka ya matabaka. Viwanda na maghala vilifuata reli upande wa Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, na wafanyakazi wakajenga maisha yao Buguruni, Vingunguti na Temeke. Upande wa kaskazini, kuanzia Oysterbay na Msasani hadi baadaye Mbezi Beach, yakakua makazi ya wenye nafasi na wenye magari. Treni ya mjini ilipoanzishwa Oktoba 2012 ilitumia njia zile zile za zamani, kwa hiyo mfanyakazi anayetoka Gongo la Mboto aliweza kunufaika, lakini mtumishi wa ndani na fundi wanaokwenda kufanya kazi Mbezi Beach waliendelea kugombania daladala.

Kwa hiyo hatusemi kwamba reli haina nguvu. Tunasema kwamba Bagamoyo na Dar es Salaam zinathibitisha jambo moja tu: reli huweza kuamua mahali ambapo mali itapita. Hazithibitishi kwamba reli huzaa mali, wala kwamba huigawa kwa haki. Tutazame mwisho wa pili wa reli hiyo hiyo.

Kigoma ilipata reli mwaka 1914, kabla ya miji mingi ya Afrika. Kama hoja ya kwanza ingekuwa sahihi, Kigoma ingekuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kwa utajiri. Sivyo ilivyokuwa. Serikali ya kikoloni haikuutaka mkoa huo kwa mazao yake. Iliutaka kwa mikono ya watu wake. Waha kwa maelfu waliandikishwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ambayo wazee wetu waliiita Silabu. Hao ndio waliojulikana kama manamba. Mzigo mkubwa uliotoka Kigoma ulikuwa ni nguvukazi, yaani vijana ambao wangelima, wangejenga na wangezalisha nyumbani kwao. Reli ilifika, na maendeleo yakapandishwa behewa kwenda kwingine.

Mfano wa pili uko Kusini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili kukidhi upungufu wa mafuta ya kula nchini kwao. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka pwani ya Lindi, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954. Mpango wenyewe ulikwisha kufutwa tangu Januari 1951, baada ya kuteketeza kiasi cha pauni milioni 36. Ardhi haikupimwa vizuri, mvua haikuchunguzwa, mashine ziliharibika, na mkulima wa Nachingwea, aliyeijua ardhi hiyo kuliko mtu yeyote, hakuulizwa neno. Reli ikabaki bila mzigo. Ilipofika mwaka 1963 ilikuwa imefungwa na kung'olewa.

Hapa kuna somo ambalo kada hapaswi kulisahau. Reli ya Nachingwea haikufa kwa sababu watu wa Kusini hawakuzalisha. Walizalisha korosho, ufuta na mihogo. Ilikufa kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya zao moja la mpango mmoja uliobuniwa London, na zao hilo liliposhindwa hapakuwa na mtu aliyekuwa na wajibu wa kuuliza reli hiyo ingewafaa vipi wananchi wa Lindi na Mtwara. Chuma kilikuwepo, mataruma yalikuwepo, bandari ilikuwepo. Kilichokosekana ni uhusiano kati ya vitu hivyo na uzalishaji wa watu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutuonya juu ya kosa hili liliposema kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Kosa la kuiabudu reli ni ndugu wa kosa la kuiabudu fedha. Vyote viwili ni vyombo, na chombo hakina kichwa cha kuamua kitumikie nani.

Hoja ya pili: Reli ni mrija wa unyonyaji tu

Hoja ya pili ina msingi imara zaidi wa kinadharia, na kwa sababu hiyo inahitaji kukosolewa kwa uangalifu zaidi. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972 kwamba barabara na reli za kikoloni hazikujengwa ili Waafrika watembeleane wala wafanye biashara baina yao. Zilishuka kutoka penye malighafi hadi baharini. Kabla yake, Lenin, katika utangulizi alioandika mwaka 1920 kwa kitabu chake juu ya ubeberu, alizichukua reli kuwa kipimo cha jinsi ubepari ulivyoenea duniani kwa namna isiyo sawa.

Ramani yetu inawaunga mkono. Reli ya Tanga na Reli ya Kati zilijengwa na dola moja, katika koloni moja, lakini hazikuunganishwa. Kila moja ilichimba upande wake na kushuka baharini peke yake. Ziliunganishwa mwaka 1963, baada ya Uhuru, kwa njia ya Ruvu hadi Mruazi. Nchini Kenya, reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilifuatiwa na unyang'anyi wa ardhi kwa ajili ya walowezi, na nauli za kusafirishia mahindi yao zikapangwa kwa namna ya kuwapendelea. Kwa hiyo reli ilinyonya kwa mwelekeo wake, na ilinyonya pia kwa orodha ya nauli. Yote haya ni kweli.

Kosa la wanafunzi wetu ni kuchukua ukweli huu na kuufanya kuwa sheria isiyo na ubaguzi, kana kwamba mkulima na mfanyakazi walikuwa shehena tu, hawana akili wala mapambano. Reli ya Tanga inatupa fursa nadra ya kulipima jambo hili, kwa sababu ndani ya njia moja tunaona matokeo mawili tofauti.

Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893. Ulisuasua sana, Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Sehemu ya chini, kutoka Tanga kupita Muheza hadi Korogwe, ilishikwa na makabaila wa mkonge. Ardhi ilikuwa yao, mashine zilikuwa zao, na manamba waliletwa kutoka mbali ili wasiwe na shamba la kukimbilia. Faida ilipanda meli. Mwenyeji wa Bondei alibaki kibarua, ama mkulima mdogo aliyebanwa katikati ya mashamba makubwa.

Sehemu ya juu, huko Kilimanjaro, mkulima mdogo alibaki na kihamba chake, akapanda kahawa kati ya migomba. Walowezi walipinga, kwa kuwa hawakutaka ushindani wala hawakutaka kukosa vibarua. Wakulima wakajibu kwa kujipanga. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, na miaka ya mwanzo ya 1930 chama hicho kikafuatwa na muungano wa vyama vya ushirika, KNCU. Kahawa ilishuka pwani kwa reli, nyingine kupitia Tanga na nyingine kupitia njia ya Voi kwenda Mombasa, lakini safari hii sehemu ya mapato ilirudi mlimani na kuonekana katika shule, katika majengo ya ushirika na katika mikono ya wakulima. Si bahati tu kwamba Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi mwaka 1963.

Tusitie chumvi. Mkulima wa Kilimanjaro hakupanga bei ya kahawa. Iliamuliwa katika masoko ya mabeberu. Wala wakulima wote hawakuwa sawa: wenye vihamba vikubwa walipata zaidi, na uhaba wa ardhi ukawasukuma wengine nje. Lakini tofauti kati ya Korogwe na Moshi ni kubwa, na haiwezi kuelezwa kwa reli, kwa sababu reli ilikuwa moja, mmiliki wake mmoja na mwelekeo wake mmoja. Rutuba na mvua ya mlima zina sehemu yake, lakini nazo hazijibu swali la nani alipata mapato. Tofauti imo katika uhusiano wa uzalishaji: nani alishika ardhi, nani alishika zao, na nani alikuwa amejipanga pale mzigo ulipofika stesheni.

Karl Marx mwenyewe aliligusa jambo hili mwaka 1853 alipoandika juu ya India. Alitabiri kwamba reli za Waingereza zingekuwa chanzo cha viwanda vya kisasa huko. Wengi husoma utabiri huo na kuishia hapo, wakaufanya ushahidi wa hoja ya kwanza. Lakini katika makala hiyo hiyo alisema kwamba Wahindi wasingevuna matunda ya mambo hayo mpaka ama wafanyakazi wa Uingereza washike madaraka kwao, ama Wahindi wenyewe wapate nguvu ya kulivunja kongwa la Waingereza. Historia ilithibitisha sehemu hii ya pili. India ilikuwa na moja ya mitandao mikubwa ya reli duniani, lakini katika zama zote za ukoloni injini zake nyingi ziliendelea kununuliwa Uingereza. Kiwanda kikubwa cha injini cha Chittaranjan kilianza kazi mwaka 1950, baada ya uhuru. Reli ilileta uwezekano wa viwanda. Siasa ndiyo iliyougeuza uwezekano huo kuwa viwanda.

Tazara: Reli iliyojengwa kwa siasa

Sasa tuchukue reli ambayo haikujengwa na mkoloni. Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia uhuru wake wa bandia mwaka 1965, Zambia ilijikuta shaba yake inategemea njia zilizokuwa mikononi mwa maadui. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikwisha kusema kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haina faida. Kwa hesabu ya duka, pengine walikuwa na hoja. Kwa hesabu ya ukombozi, walikuwa wamekosea kabisa. Mwaka 1967 Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Watu wa China zilitia saini makubaliano. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na Julai 1976 reli yenye urefu wa kilomita 1,860, 975 kati yake zikiwa Tanzania, ilikabidhiwa rasmi. Mkopo ulikuwa hauna riba. Wachina waliofia kazi hiyo wamezikwa Gongo la Mboto, na kada anayepita huko afahamu anapita mbele ya makaburi ya nani.

Tazara ilijengwa kwa ajili ya shaba na ukombozi. Je, iliendeleza mikoa iliyopitiwa? Jibu lina sehemu mbili.

Kwanza, pale serikali ilipopanga uzalishaji kando ya reli, uzalishaji ulipatikana. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilichoanza kazi miaka ya 1980, kilitegemea misitu iliyopandwa na reli iliyokuwa karibu. Kiwanda cha saruji cha Songwe, Mbeya, nacho kiliwekwa katika ushoroba huo. Miaka mingi baadaye, vifaa vya kujengea Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji vilishushwa katika stesheni ya Fuga, na leo bwawa hilo lenye uwezo wa megawati 2,115 linalisha gridi ya taifa, ambayo ndiyo inayoendesha treni za umeme za Reli ya Kisasa. Reli ya miaka ya 1970 imesaidia kuzaa nguvu ya reli ya miaka ya 2020. Hivyo ndivyo mpango unavyofanya kazi.

Pili, wananchi waliitumia Tazara kwa namna ambayo wapangaji hawakuitazamia. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009, alichunguza stakabadhi za vifurushi katika stesheni za bonde la Kilombero na kuonyesha jinsi wakulima na wafanyabiashara wadogo walivyosafirisha mchele, ndizi na bidhaa nyingine kwa treni ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni. Familia zilihamia karibu na reli, zikaunganisha shamba, biashara na safari. Kilichowafaa hawa hakikuwa treni ya haraka wala treni ya shaba. Kilichowafaa ni treni ya polepole, nauli ndogo, behewa la vifurushi na ratiba ya kuaminika.

Nao ndio walioumia kwanza ratiba ilipovunjika. Mizigo ya Tazara, iliyokuwa imefikia takriban tani milioni 1.2 mwaka 1986, ilishuka hadi chini ya tani laki moja katika mwaka wa fedha wa 2014/15. Sababu zilikuwa nyingi: Afrika Kusini ilikombolewa na njia za kusini zikafunguka, malori yakaongezeka, injini zikachakaa bila kufanyiwa matengenezo, uendeshaji wa nchi mbili ukawa na maamuzi ya kuchelewa, wafanyakazi wakakaa bila mishahara kwa wakati. Shaba ilipata njia nyingine. Mchele wa Mlimba haukupata.

Umiliki ni sharti, lakini hautoshi

Hapa baadhi ya ndugu zetu hukimbilia kusema: tatizo ni mali ya umma, ipewe kampuni binafsi. Jaribio hilo tulikwisha kulifanya. Shirika la Reli lililoundwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lilikodishwa mwaka 2007 kwa ubia ambao kampuni ya RITES ya India ilipewa asilimia 51 ya hisa na kukabidhiwa uendeshaji. Mkataba uliokusudiwa kudumu miaka 25 haukumaliza hata mitano. Huduma zilizorota, wafanyakazi waligoma wakidai haki zao, na serikali ikalazimika kuirudisha reli mikononi mwa umma. Aliyekodisha hakuwa na sababu ya kujali kama mkulima wa Kaliua anapata behewa. Hilo halikuwemo katika hesabu zake.

Lakini kada mkweli hapaswi kusimama hapo na kushangilia. Tazara ilikuwa mali ya umma wakati wote ilipokuwa ikididimia. Reli ya Kati ilikuwa mali ya umma mataruma yalipokuwa yakioza. Umma ukimiliki chombo kwa jina huku hauna sauti katika ratiba yake, nauli yake na matengenezo yake, chombo hicho kitakuwa cha watendaji, na kitakufa taratibu bila mtu kuwajibika. Njia kuu za uchumi zikiwa mikononi mwa umma tunapata sharti la kwanza. Sharti la pili ni umma wenyewe uwe umejipanga kiasi cha kuweza kudai na kusimamia.

Reli ya leo

Reli ya Kisasa ni kazi kubwa. Jiwe la msingi liliwekwa Aprili 2017, na njia kuu kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza imepangiwa urefu wa kilomita 1,219. Inamilikiwa na umma kupitia Shirika la Reli Tanzania. Treni ya abiria imeundwa kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Mwananchi anayekwenda Dodoma kwa muda wa saa chache badala ya kuteseka barabarani kutwa nzima ana haki ya kujivunia.

Hata hivyo reli hii imejengwa kwa sehemu kubwa kwa mikopo ya kibiashara; mwaka 2020 pekee ulitiwa saini mkopo wa dola bilioni 1.46 ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered. Deni la dola halilipwi kwa nauli za shilingi za abiria. Litalipwa kwa mizigo, na kwa hiyo shinikizo kubwa litakuwa kubeba makontena ya Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda. Hakuna ubaya kubeba mizigo ya jirani. Ubaya utakuja ikiwa mikoa ya Morogoro, Dodoma, Singida, Tabora na Shinyanga itageuzwa kuwa uchochoro wa makontena, huku watu wake wakisimama kandoni kuyahesabu. Kenya imetupa fundisho la karibu: reli yao mpya ilifika Nairobi mwaka 2017 na Naivasha mwaka 2019, kisha ikaishia hapo kwa miaka, haijafika mpakani, na deni likiendelea kulipwa.

Kuna dalili njema. Bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, na eneo la viwanda lililo karibu nayo, ni jaribio la kuweka uzalishaji mahali pamoja na reli. Lakini tuulize zaidi. Reli inapita Soga, Ruvu, Ngerengere, Mkata, Kilosa, Kidete na Gulwe. Mkulima wa nyanya na vitunguu wa Kilosa atapakia wapi? Treni ya abiria ya mwendo wa haraka haikuundwa kubeba matenga. Je, patakuwa na ghala la ubaridi stesheni, behewa la mazao, na nauli ambayo chama cha msingi cha ushirika kinaweza kuilipa? Ama mazao yake yataendelea kupanda malori ya walanguzi, naye akiitazama treni ikipita?

Swali hili ni zito zaidi Kusini. Kwa miaka mingi umekuwepo mpango wa reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, wilayani Ludewa. Wananchi wa Kusini, ambao reli yao iling'olewa mbele ya macho yao, wana haki ya kuidai. Lakini kama reli hiyo itajengwa ili kushusha makaa na mawe ya chuma hadi melini, itakuwa ni reli ya karanga kwa jina jipya: zao moja, mpango mmoja, na siku bei ya dunia itakapoanguka, kimya. Mradi wa Mchuchuma na Liganga uliotiwa saini mwaka 2011 na mwekezaji wa kutoka China ulikaa miaka zaidi ya kumi bila kuzalisha. Fikiria kama reli ingekuwa imekwisha kujengwa kwa kuutegemea mradi huo peke yake.

Vilevile Mtwara na Lindi zilijengewa viwanda vya kubangua korosho, na vingi vikafa. Vingine vikageuzwa maghala. Korosho nyingi huuzwa nje zikiwa ghafi. Reli itakayobeba korosho ghafi kwa bei nafuu zaidi itamnufaisha mnunuzi wa ng'ambo kabla ya kumnufaisha mbanguaji wa Masasi. Reli na kiwanda ni lazima vipangwe kwa mara moja, si reli leo na kiwanda ahadi.

Kazi ya kada

Kutokana na ushahidi huu, kada anapokutana na mradi wowote wa reli katika mkoa wake hana budi kuuliza maswali matatu.

La kwanza: reli hii inabeba nini, na mzigo huo unachakatwa wapi? Kama jibu ni zao moja ghafi, akumbuke Nachingwea.

La pili: wazalishaji wamejipanga vipi pale stesheni? Kama hakuna ushirika wenye nguvu, hakuna ghala, wala chama cha wafanyakazi kinachosikilizwa, akumbuke kwamba kati ya Korogwe na Moshi ilikuwepo reli moja na matokeo mawili.

La tatu: nani anapanga nauli, ratiba na matengenezo, na umma unamwajibisha kwa njia gani? Kama jibu ni ukimya, akumbuke Tazara na mchele wa Mlimba.

Maswali haya hayawezi kujibiwa Dar es Salaam peke yake. Yapelekwe katika mikutano ya matawi ya Chama, katika vyama vya msingi, katika mabaraza ya madiwani na katika karakana za reli, ambako fundi anajua behewa lipi halijakaguliwa. Kada atakayekwenda Kilosa, Kaliua au Nachingwea kuhubiri kwamba reli ni ukombozi, bila kuwasaidia wakulima kuunda ushirika wa kuitumia, atakuwa ametoa tangazo la biashara, hakutoa elimu ya siasa. Na yule atakayekwenda kuwaambia kwamba kila reli ni unyonyaji atakuwa amewavunja moyo wakati ambapo wanahitaji kujipanga.

Njia ya chuma ikishalazwa, wahandisi huondoka. Mkoa hubaki na stesheni, na kazi ya kuijaza stesheni hiyo kwa mali iliyotengenezwa na watu wake ni ya siasa.